UZI: Nimebadilisha themostati ya AC, sasa nyumba inapuliza moto. Malindi hii, mwezi wa tatu!

ShambaboiMstaafu

Hamjambo nyote, nisaidieni kabla sijafukuzwa kazi. Mimi ni keateka wa nyumba moja huku Mayungu, Malindi, ni nyumba ya mzee wa Kimarekani, huja Desemba akaenda zake kabla jua la Machi halijamkaanga. Alipojenga hakutaka hizi AC za ukutani za rimoti tulizozoea, alileta mtambo wake mzima kwa kontena, lidude moja kubwa liko darini linasukuma hewa kwa mabomba mpaka vyumba vyote, na lingine liko nje nyuma ya jikoni. Sebuleni kuna kikasha kidogo ukutani ndio unaweka digrii unazotaka. Hicho kikasha ndio themostati yenyewe.

Sasa wiki ilopita naingia asubuhi nifungue madirisha nakuta kikasha kimezima, kioo kitupu, hakuna namba wala nini. Na wageni wanaingia Jumamosi. Nikamwita jamaa mmoja anaejua stima, akakiangalia dakika mbili, akakigonga gonga kwa kucha, akasema hii imekufa nunua ingine. Nikaagiza Mombasa, siku tatu ikaja na matatu imefungwa kwa gazeti. Jamaa akataka elfu tano za kufunga tu na bisibisi ni yangu, nikasema aa, hii nafunga mwenyewe.

Nimefunga. Imewaka vizuri, namba zinaonekana. Nikaweka ipoze, digrii 24. Baada ya kama dakika tano mtambo ukanguruma nikafurahi, nikasimama chini ya tundu la hewa kama mtu anaesubiri mvua. Wallahi ilotoka ni hewa ya tanuri. Nikasema labda ni joto la darini linatoka kwanza, nikangoja nusu saa, nyumba imefika 33. Nikashusha mpaka 18. Ndio ikazidi! Nimezima kila kitu. Gesi imeisha ama nimeunguza nini?

PundaHaulizwi

Pole sana yakhe lakini nimecheka. Kaskazi yote hii na nyinyi munawasha jiko darini 😂. Ndooni Lamu mulale kwenye nyumba za mawe, kuta za matumbawe unene wa mkono mzima, kiwanda, yani ua, wazi katikati, yua likae nde huko. Themostati yetu ni kufungua dirisha.

ShambaboiMstaafu

@PundaHaulizwi nyumba ya huyu mzee ni vioo kuanzia chini mpaka juu upande wa bahari, ukiizima AC hata mjusi anahama. Nisaidie kwanza utanicheka baadae.

FundiBaridi_Kisauni

Ndugu yangu tulia, hujaunguza kitu na gesi haijaisha. Gesi ikiisha AC haitoi moto, inatoa hewa ya kawaida tu kama feni. Ikitoa moto kweli kweli manake inafanya kazi, ila inafanya kinyume.

Kabla sijasema sana nijibu haya. Moja, ulipiga picha nyaya za ile ya zamani kabla hujazitoa? Mbili, zilikua ngapi na zilikua kwenye herufi gani? Tatu, ile mpya ilipokuuliza maswali wakati wa kuiseti ulijibu nini?

ShambaboiMstaafu

Picha sikupiga, nihukumuni. Lakini niliandika kwa kalamu mkononi, na namshukuru Mungu sikua nimeoga. Nyaya sita. Nyekundu R, bluu C, njano Y, kijani G, chungwa O, nyeupe W2. Ile mpya nimefunga hivo hivo, ila haina O peke yake, ina tundu moja limeandikwa O/B, la chungwa nikatia hapo.

Maswali iliuliza mengi, mengine nilibonyeza ndio ndio. Kuna moja iliuliza nachagua O ama B. Mimi nataka nyumba iwe baridi, nikachagua B. B si ndio Baridi?

TangaRaha

B ya Baridi 😂😂😂 nimeanguka huku

FundiBaridi_Kisauni

Msimcheke, mimi mwenyewe nimeona mafundi wa miaka mingi wakikosea hapo hapo.

Haya sikiza. Huo mtambo wenu si AC tupu, ni pampu ya joto. Yani ni AC inayoweza kugeuka. AC ya kawaida inachukua joto ndani inalitupa nje, basi. Hii ina valvu moja kule nje, ya shaba, ina mabomba manne, hio valvu ikigeuka gesi inapita upande mwingine, ule mtambo wa nje unachukua joto nje unaleta ndani. Kwao Marekani hio ndio inawapashia nyumba wakati wa baridi kali. Hapa kwetu hio sehemu haina kazi ila iko.

Sasa hio valvu inageuzwa na koili ndogo ya umeme wa volti 24, na waya wake ndio huo wa chungwa. Kampuni nyingi zinataka waya upate umeme wakati wa KUPOZA, hio wanaiita O. Chache, kama Rheem na Ruud, zinataka upate umeme wakati wa KUPASHA, hio ndio B. Wewe mtambo wako ulikua O, ukaiambia themostati ni B. Kwa hio ukisema poza, themostati inaunyima waya umeme, valvu inalala upande wa joto, kompresa, ile mota ya nje inayosukuma gesi, inawaka, unapata moto. Themostati inaona chumba kimefika 33 na wewe umetaka 24, inasema bado, endelea. Ukashusha 18 ikasema sawa bosi, tunaendelea zaidi. Ingekesha hivo hivo mpaka asubuhi.

Dawa yake dakika moja. Ingia kwa seti, badilisha B iwe O. Usiguse waya hata mmoja.

ShambaboiMstaafu

Nimebadilisha. Mbona haiwaki sasa? Inaandika subiri.

FundiBaridi_Kisauni

Ndio ingoje. Kuna dakika tano za kuilinda kompresa, ikizima haikubali kuwaka papo hapo, gesi lazima itulie kwanza pande mbili zikae sawa. Usichokonoe.

ShambaboiMstaafu

BARIDI!!! Jamani inatoa baridi mpaka mkono unaganda. Fundi Mungu akuzidishie. Kumbe herufi moja tu.

BintiShella

Hongera kaka. Fundi naomba kuuliza na mimi niko Malindi huku Shella, AC yangu ni ile ya ukutani na rimoti, haipozi sawasawa, nakuta inazima kabla chumba hakijapoa. Na mimi ninunue themostati?

FundiBaridi_Kisauni

Hapana dadangu usinunue. Hizo za rimoti hazina kikasha ukutani, zina kijisensa kidogo kama kichwa cha kiberiti kimekaa mbele ya koili ya ndani, yale mabomba yanayopoza hewa, ndio kinasoma joto la hewa inayoingia. Kwanza fungua kifuniko utoe zile chujio mbili uoshe kwa maji na sabuni uanike kivulini. Pili angalia kama hicho kijisensa hakijachomoka kikagusa koili, kikigusa kinasoma baridi ya koili kinadhani chumba kimepoa, inazima. Hayo mawili kwanza ndio uite mtu.

Na hata ukitaka huwezi kufunga kikasha cha volti 24 kwenye hizo. Ubao wa ndani na wa nje zinazungumza kwa lugha yao ya kampuni. Hata AC kubwa za darini za siku hizi nyingi ziko hivo, kikasha chake ni chake tu, ukileta cha duka haziongei. Ya mzee wa Mayungu ni mfumo wa Kimarekani ndio maana ina hizo herufi.

TangaRaha

Hapo kwa volti 24 ngoja niongeze manake yamenikuta. Mimi nafanya kazi hoteli huku Tanga, vyumba vyetu vina feni koili, maji baridi yanatoka kwenye mtambo mmoja mkubwa, na themostati za vyumbani ni za volti 230, zina L na N, yani waya za umeme mkubwa wa nyumba, na spidi tatu za feni. Kijana mmoja alileta themostati nzuri ina kioo cha kugusa, ya waifai, kainunua kwa bei, ni ya volti 24. Kaifunga. Ilisema pwaa! Moshi mweupe, harufu wiki nzima, mgeni kahamishwa chumba. Zinafanana kwa sura hizi vitu, umbo lile lile, weupe ule ule. Kwa hio kabla hujanunua fungua ya zamani usome nyuma, na upime kwa mita. Ukikuta 230 hapo usilete mchezo.

FundiBaridi_Kisauni

Ndio hio. Na hata hizi za 24 msizichezee umeme ukiwepo. Breka ziko mbili, ya ndani na ya nje, zima ZOTE. Kwa sababu R, inayoleta umeme, ikigusana na C, inayourudisha, hata sekunde moja umepiga shoti transfoma. Ukibahatika inakatika fyuzi kwenye ubao wa darini, zile fyuzi za visu kama za gari, ya zambarau ni ampia 3, ya hudhurungi iliyopauka kama mchanga ni ampia 5, utapata hata duka la spea za matatu. Usipobahatika ni transfoma yenyewe. Na msiamini rangi. Fundi alieishiwa na waya wa njano anatia wowote alionao. Amini herufi, tena hata herufi kuna mitambo ya zamani ile B yao ndio C, ukiitia kwa O/B umeleta balaa. Fuata waya mpaka mwisho uone umefungwa wapi.

ShambaboiMstaafu

Fundi na ule mweupe wa W2 je? Nimepanda darini kuangalia, mwisho wake umefungwa kwa tepu tu hauendi popote.

MpwaniUghaibuni

Huo nitakujibu mimi, niko Ohio mwaka wa tisa sasa. W2 ama AUX ni ya hita za umeme, zile nondo za kuwaka nyekundu kama jiko. Huku pampu ya joto baridi ikishazidi inachoka, hewa ya nje haina joto la kutosha la kuchukua, hizo hita zinaingia kusaidia. Halafu mtambo wa nje unashika barafu, inabidi ile valvu igeuke kidogo upande wa kupoza ili joto liende nje liyeyushe, na wakati huo hita ndio zinawafichia watu wa ndani aibu. Mara ya kwanza nimeona mvuke unapanda kwenye ule mtambo usiku wa Januari nikadhani nyumba inaungua, nimetoka na kandambili kwenye theluji.

Mzee wako inaonekana aliagiza bila hita, akili nzuri. Ingia kwa seti uiambie haina AUX, yasije yakawa mengine. Hizo hita zinakula kilowati tano, kumi, zaidi ya kompresa yenyewe, ukizikosea kuzifunga Malindi tokeni zitaisha unaziangalia.

ShambaboiMstaafu

Shukran nimeondoa. Uzi umefungwa nadhani, asanteni.

ShambaboiMstaafu

Uzi umefunguka 😭

Siku mbili imefanya kazi kama malaika, leo saa kumi alfajiri wageni wananigongea, nyumba moto, kikasha KIMEZIMA. Kioo kitupu. Kama kile cha kwanza kabisa. Mpya hii! Siku mbili! Nimeuziwa feki?

FundiBaridi_Kisauni

Aaa. Sasa ndio tunafika kwenye ugonjwa wenyewe. Niambie, ile ya kwanza ilipozima AC ilikua imefanya kazi sana siku hizo?

ShambaboiMstaafu

Usiku na mchana, kulikua na wageni wanane na unyevu ule wa kabla ya mvua.

FundiBaridi_Kisauni

Na kutoka siku ilipozima mpaka ulipofunga mpya zilipita siku nne tano, mtambo umelala. Sivyo? Panda darini sasa hivi na tochi, angalia sinia iko chini ya mtambo. Bila shaka imejaa maji.

ShambaboiMstaafu

Nimeshuka sasa hivi, nimejaa vumbi la dari na utando wa buibui. Imejaa mpaka mdomoni. Na kuna kidude kama boya la tangi, kidogo kidogo cha plastiki, kimeelea juu.

FundiBaridi_Kisauni

Hio ni swichi ya boya. AC ikipoza inatoa jasho, na kwa unyevu wa Pwani ni ndoo kwa siku, yanateremka kwa bomba mpaka nje. Bomba likiziba sinia inajaa, boya linapanda, linakata umeme wa R ili maji yasije yakamwagika kwa dari ya sebule. R ikikatwa themostati inazima kioo. Kwa hio mtu anaona kioo kimezima anasema themostati imekufa. Haikufa, imenyimwa chakula. Zile siku ulizokaa ukisubiri matatu ya Mombasa maji yakatitirika kidogo kidogo yakapungua, boya likashuka, ukafunga mpya ikawaka ukadhani umetibu. Na ulipokua unapuliza moto hakukua na jasho ndio maana haikujaa. Umeirudisha kupoza, siku mbili, umerudi pale pale.

Ile themostati yako ya kwanza haina ugonjwa wowote.

TangaRaha

Na yule jamaa wa stima kaigonga kwa kucha akatoa hukumu 😂

ShambaboiMstaafu

Naumwa na kichwa. Bomba nazibua vipi?

FundiBaridi_Kisauni

Zima breka. Teka maji ya sinia kwa kikombe au sponji. Halafu nenda nje pale bomba linapotokea ukutani, uvute kutoka huko, kama mna vakyumu ya maji vizuri, kama hamna pampu ya baiskeli upulize kutoka juu lakini polepole yasije yakaachana maungio. Halafu mimina siki kikombe kimoja kutoka juu, iwache nusu saa, usukume na maji. Uwe unafanya hivo kila mwezi.

ShambaboiMstaafu

Imetoka. Nitawaelezea mlichokosa. Kwanza lilitoka ute wa kijani kibichi mrefu kama mlenda, halafu maji meusi, halafu mjusi kafiri mzima, mkavu, amekunja mikono kama anasali. Bomba sasa linatiririka nasikia sauti yake uani. Boya limeshuka, chini tu likaita tii, kioo kikawaka.

Sasa bado kitu kimoja kidogo. Kikasha kinasema 30 na mimi nahisi baridi, nimeleta kipima joto cha jikoni kinasema 26. Inapoza haikomi.

BintiShella

Hio najua hata mimi! Kwa nyumba ya tajiri yangu ilikua hivo. Toa kikasha uangalie ile paipu ya waya nyuma yake, weka kidole kwa tundu.

ShambaboiMstaafu

Dada umeua. Hewa moto inateremka kama mtu anakupulizia. Paipu inatoka moja kwa moja darini chini ya mabati.

FundiBaridi_Kisauni

Dada anafaa kuja Kisauni tufanye kazi. Ziba hilo tundu kwa silikoni ama hata udongo wa vioo, lisibaki hata nafasi ya sindano. Themostati inasoma joto la darini badala ya sebule.

La mwisho, feni iweke AUTO usiweke ON. Watu wanaweka ON wanadhani hewa itazunguka vizuri, kumbe kompresa ikizima feni inaendelea kupuliza juu ya koili yenye maji, unyevu wote uloutoa unaurudisha chumbani, ndio unaona nguo za kabati zimeota ukungu na viatu vya ngozi vimekua na ndevu nyeupe. Kwa Malindi na Lamu hilo ni kosa kubwa kuliko B ya Baridi. Na kule nje chungulia kontakta, ile swichi inayowasha kompresa, mara moja moja, breka ikiwa imezimwa, sisimizi wanapenda kuingia katikati ya ndimi zake wanasagwa humo mpaka haigusani tena. Chumvi nayo, mwagia koili ya nje maji ya bomba, ya presha ndogo, kila wiki mbili kaskazi ikivuma.

PundaHaulizwi

Yote hayo. Na sisi tumelala juu ya dari na upepo wa bure.

ShambaboiMstaafu

@PundaHaulizwi wewe na mbu wako, mulale salama.

Naripoti. Silikoni imekauka, kikasha kinasema 26 na kipima joto cha jikoni kinasema 26. Wageni wamelala mpaka saa tatu, wameomba mahamri na mbaazi ya pili. Mzee nimempigia nikamwambia ukweli wote, kakaa kimya muda, kauliza ile ya zamani iko wapi, nikasema iko kwa droo. Kasema iwache mpya lakini weka 75. Nusura nizimie, kumbe anahesabu Farenhaiti za kwao, 75 ni kama 24 zetu. Nimembadilishia kioo kiandike anavotaka yeye.

Ya zamani nzima iko hapa, ya volti 24, ina O yake peke yake haikuulizi maswali. Anaetaka?

TangaRaha

Bei gani?

ShambaboiMstaafu

Chupa mbili za siki tunamalizana.